Herbie Hancock Wako Wangapi? Tunahesabu Kushuka

Mtajie jazz mtu aliyekulia na redio ya Afrika Mashariki, atakujibu Morogoro Jazz, Western Jazz, Shirati Jazz, OK Jazz. Ana haki yake. Hizo zilikuwa bendi za dansi, rumba na benga, na neno jazz lilikaa kwenye jina kama koti la mtoko. Kwa hiyo sitaki kusikia malalamiko leo nikimleta mpiga kinanda wa jazz ambaye amepiga Mozart, tangazo la manukato, funk, hip hop na video ya roboti. Herbert Jeffrey Hancock alizaliwa Chicago tarehe 12 Aprili 1940. Ana Grammy 14 na Oscar moja. Ana pia tabia moja inayoudhi: wapenzi wake wakishaanza kumzoea mahali, wanamkuta kaondoka.

Kumpanga mtu huyu kwa albamu ni kujitafutia vita, basi nimewapanga akina Herbie wenyewe, kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza. Mhariri amenipa ukurasa kwa sharti kwamba ataruhusiwa kudakia.

[Mhariri: Na nitadakia.]

Shikamoo, mkuu. Twende.

10. Herbie mheshimiwa waziri

Mwaka 2017, kwenye filamu ya Luc Besson iitwayo Valerian, Herbie anaonekana akiwa waziri wa ulinzi wa ulimwengu ujao. Anatoa maagizo, anakunja uso, basi. Hakuna piano hata moja kwenye sayari ile. Namba 10 ni ya huruma.

9. Herbie wa sauti ya bati

Herbie hajaaliwa koo la kuimba, na hilo analijua. Mtu mwingine angeajiri mwimbaji. Yeye akatafuta vokoda, mashine inayochukua maneno ya mdomo na kuyapitisha kwenye sauti ya kinanda, halafu mwaka 1978 akatoa Sunlight na kuimba kama friji yenye mapenzi. Wimbo wa I Thought It Was You ukapendwa sana Uingereza. Mashabiki wa jazz waliojiona walinzi wa msikiti wakamsomea albadiri. Leo nusu ya Bongo Fleva inaimba kupitia mashine, na hakuna hata kijana mmoja aliyempelekea mzee huyu barua ya shukrani.

[Mhariri: Vokoda na Auto-Tune ni vitu viwili tofauti.]

Najua, mkuu. Barua ingekuwa fupi, ndiyo maana.

8. Herbie mwanafunzi mzuri

Alianza piano akiwa na miaka 7. Tarehe 5 Februari 1952, akiwa na miaka 11, alipiga kipande cha konseto ya Mozart pamoja na Chicago Symphony Orchestra. Wewe ulipokuwa na miaka 11 ulikuwa unapiga nini? Danadana.

Halafu akaenda chuo cha Grinnell, Iowa, kusomea uhandisi. Huko akaupinda mwelekeo na kuingia muziki. Jaribu kumwambia mzazi aliyekulipia ada kwamba umeacha uhandisi wa umeme ili ukapige jazz kwenye vilabu vya usiku, uone kama chakula cha jioni utakipata.

Ila yule mhandisi hakufa. Kila chombo kipya kilichotoka kiwandani, Herbie alitaka kukifungua aone ndani kuna nini. Mwaka 1983 alitokea kwenye kipindi cha watoto cha Sesame Street akiwa na Fairlight, kinanda cha kompyuta ambacho wakati ule kiliuzwa kwa bei ya nyumba. Binti mdogo aitwaye Tatyana Ali akasema jina lake, mashine ikalinasa, Herbie akalipiga kwa vidole, juu na chini, nene na jembamba, watoto wakaangua kicheko. Ni dakika chache tu za televisheni, lakini ukitaka kumwelewa mtu huyu anza na uso wake pale. Aliyekuwa anafurahi zaidi chumbani si mtoto.

7 na 6. Herbie wa tangazo na Herbie wa filamu (wamepanda daladala moja)

Nawaweka pamoja kwa sababu wote wawili walilipwa na watu ambao hawakuja kwa ajili ya jazz.

Maiden Voyage ya mwaka 1965 ni wimbo ambao kila mwanafunzi wa piano ya jazz duniani hulazimika kuujua. Umetulia, una nafasi, unayumba taratibu kama jahazi lililoshika upepo. Wataalamu wameuandikia kurasa nyingi kuhusu bahari na upweke. Basi tuwaharibie siku: ulianza maisha kama muziki wa tangazo la televisheni la manukato ya wanaume.

[Mhariri: Hilo umelitunga.]

Amelisimulia mwenyewe. Mimi natunga bajeti tu.

Mwaka 1966 Michelangelo Antonioni akampa filamu ya Blow-Up. Kipande kimoja cha muziki ule kikalala miaka 24, kisha Deee-Lite wakakinyanyua mwaka 1990, wakakijengea Groove Is in the Heart, na dunia ikacheza besi ya filamu ya Antonioni bila kujua. Baadaye ikaja Round Midnight ya Bertrand Tavernier, iliyomletea Oscar mwaka 1987. Ndani yake Herbie anaigiza pia, tena vizuri kuliko akiwa waziri, pembeni ya Dexter Gordon. Dexter ndiye aliyempulizia saksafoni kwenye sahani yake ya kwanza mwaka 1962, na kwa filamu hii alipendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Wapiga saksafoni wangapi wanaweza kusema hivyo?

5 na nusu. Herbie wa Joni (kwa shinikizo)

[Mhariri: Umeisahau River.]

Sijaisahau, nimeichelewesha. Februari 2008 River: The Joni Letters, sahani ya nyimbo za Joni Mitchell, ilishinda Grammy ya Albamu ya Mwaka mbele ya Amy Winehouse na Kanye West. Jazz ilikuwa haijaipata tuzo hiyo tangu Getz/Gilberto, miaka 43 nyuma. Ni sahani nzuri ya kusikiliza mvua ikinyesha na umeme ukiwapo. Tuzo ni kubwa kuliko sahani, na hapo ndipo ninapoiachia nusu yake.

5. Herbie wa roboti

Mwaka 1983, miaka 43 kichwani, umri ambao wanamuziki wengi wa jazz huanza kurekodi tena nyimbo zao za ujanani, Herbie akatoa Rockit. Msingi wake uliletwa na Bill Laswell na Michael Beinhorn, na juu yake didjei GrandMixer D.ST akikwaruza sahani kwa mkono. Kukwaruza sahani kulikuwa kunafahamika Bronx. Baada ya Rockit kulifahamika hadi kwa mtoto wa afisa ubalozi.

Video yake ilitengenezwa na Godley na Creme kwa kutumia roboti za Jim Whiting, miguu inajirusha, vichwa vinagongana, nyumba nzima imeshikwa na maruhani. Herbie mwenyewe anaonekana ndani ya televisheni ndogo tu. Hiyo haikuwa sanaa peke yake. MTV ya wakati ule ilikuwa bahili mno kuonyesha wasanii weusi, na hesabu ilikuwa kwamba roboti hazina rangi. Hesabu ikakubali: kwenye tuzo za kwanza kabisa za video za MTV, mwaka 1984, Rockit iliondoka na tuzo 5. Hila ilifanikiwa. Kwamba ililazimu kuwe na hila, hilo ndilo linaloniondolea hamu ya kucheka kila nikiitazama.

4. Herbie wa tikitimaji

Huyu ndiye ninayempenda kwa akili ya pesa.

Mpiga tarumbeta Donald Byrd alimtoa Chicago mwaka 1961, akampa kitanda nyumbani kwake Bronx. Mwaka uliofuata Blue Note wakawa tayari kumrekodi. Byrd akampa somo ambalo halifundishwi Grinnell: usiwaachie haki za utunzi, hata wakikuambia hakuna kurekodi. Kijana wa miaka 22 akasimama kidete. Kampuni ikalegea. Mzee yeyote wa dansi aliyewahi kurekodi akapewa nauli na asante, kisha akausikia wimbo wake redioni miaka 30, naomba apumzike kidogo kabla hatujaendelea.

Wimbo wenyewe ni Watermelon Man, uliotoka kwenye Takin' Off. Herbie alikuwa anakumbuka mkokoteni wa muuza matikiti kwenye vichochoro vya Chicago, magurudumu yakigongana na mawe. Mpiga ngoma wa Kuba, Mongo Santamaría, akaushika na kuupeleka mwaka 1963 hadi kwenye kumi bora za Marekani. Hundi ikaja. Herbie alipanga kununua gari la heshima la kubebea vyombo. Byrd, mshauri yule yule, akamwelekeza kwenye AC Cobra, gari la mbio. Muuzaji dukani hakujisumbua hata kumsalimia kijana mweusi aliyeingia kuulizia bei. Kijana akalipa. Gari hilo hakuliuza; amebaki nalo likapanda thamani kuliko sahani nyingi za jazz zikikusanywa pamoja.

Mwaka 1964 akatunga Cantaloupe Island, ambayo nayo ni tikiti, la manjano. Us3 walikata kipande chake, wakakirapia, na miaka ya 1990 nacho kikaingia kumi bora za Marekani. Angetunga na la nanasi tungefungua genge.

[Mhariri: Tulishakubaliana kuhusu utani wa matunda.]

Samahani, mkuu. Limenitoka.

3. Herbie wa vichwa vyao

Head Hunters, 1973. Bendi mpya, hakuna tarumbeta, hakuna gitaa. Bennie Maupin kwenye saksafoni, Paul Jackson besi, Harvey Mason dramu, Bill Summers vyombo vya kugonga. Wimbo wa kwanza, Chameleon, una dakika zaidi ya 15, na ile besi nzito inayoufungua, ambayo hata asiyeijua jazz ataitingishia kichwa, Herbie anaipiga kwa mkono kwenye sintesaiza ya ARP Odyssey. Alikuwa anamhusudu Sly Stone na hakuficha: mmoja wa nyimbo nne za sahani hiyo unaitwa Sly. Ikauza kama sahani ya pop. Walinzi wa msikiti wakasoma tena albadiri.

Ila nina neno na sahani hii. Watermelon Man imerekodiwa upya humo, na inaanza na Bill Summers akipuliza chupa ya bia huku akiimba katikati ya pumzi, sauti moja mdomoni, moja chupani. Ni ajabu tupu. Mtindo huo ni wa Wababenzele, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao muziki wao ulirekodiwa na kutolewa kwenye sahani mwaka 1966. Mwaka 1994 Madonna akachukua kipande cha Watermelon Man hii kwa ajili ya wimbo wake Sanctuary, na jina la Herbie likaandikwa kati ya watunzi. Wababenzele hawakuwamo. Yule yule aliyewakatalia Blue Note haki zake! Herbie alipoulizwa na mtafiti Steven Feld kuhusu mtindo huo, jibu lake lilikuwa kwamba ni mambo ya kindugu. Sawa. Lakini ndugu nao hugawana urithi, na kesi zake zimejaa mahakamani.

Ndiyo maana ni wa tatu. Kwa muziki peke yake angekuwa wa pili, na ningedaiwa radhi na mtu.

[Mhariri: Na nani?]

Na huyu anayefuata.

2. Herbie wa Miles

Mei 1963, miaka 23, simu kutoka kwa Miles Davis: njoo nyumbani. Akawakuta Ron Carter na Tony Williams, ambaye alikuwa na miaka 17 na anapiga dramu kama mtu mwenye madeni. Miles akapuliza kidogo, akatupa tarumbeta kwenye kochi, akapanda ghorofani. Wakajifua bila yeye. Siku ya pili hali ile ile. Herbie aliambiwa baadaye kwamba Miles alikuwa juu, anawasikiliza kwa simu ya ndani. Siku ya kurekodi Seven Steps to Heaven ilipofika, Herbie bado hajui kama ameajiriwa. Kumuuliza Miles kulimletea jibu la mkato: si unarekodi na mimi? Barua ya ajira ndiyo hiyo.

Mwaka 1964 Wayne Shorter akajiunga, na wanne hao pamoja na Miles wakawa kundi ambalo wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tunaamini halijapata mpinzani. Sifa ya Herbie humo ni kujua lini asipige. Kuna sahani za kundi hilo ambazo mkono wake wa kushoto umepotea kabisa, umekwenda likizo, na wimbo unapumua vizuri zaidi.

Kisa chake mashuhuri ni cha jukwaani, Ulaya. So What inawaka, Miles yumo kwenye solo, na Herbie anagonga kodi isiyofaa kabisa. Kodi ya muziki, siyo ya TRA, ingawa maumivu yalilingana. Akashika masikio. Miles akanyamaza kidogo, kisha akapuliza noti zilizoifanya ile kodi ionekane ilipangwa. Herbie amekisimulia kisa hiki hadi kimeota mvi, na wazungumzaji wa semina wamekigeuza dawa ya kila ugonjwa. Mimi nakipendea jambo dogo tu: inasemwa Miles alikuwa mkali, na hapo, mbele ya ukumbi uliojaa, hata hakumhukumu.

Miles huyo huyo ndiye aliyemwonyesha piano ya umeme studio akamwambia apige hiyo, wakati Herbie anaiona mwanasesere. Aliigusa, akapenda, na hajairudisha. Mwaka 1968 akaoa, akaenda fungate Brazil, chakula kikamdhuru, akachelewa kurudi. Akakuta kiti chake kimekaliwa na Chick Corea. Ni mtu pekee ninayemjua ambaye fungate ilimfukuzisha kazi na kumfungulia njia kwa safari moja.

1. Mwandishi

[Mhariri: Nilijua. Nilijua tangu mstari wa kwanza!]

Mkuu, nisikilize kabla hujakata ukurasa. Ndiyo, nina maslahi. Jina langu la kazi limeandikwa kwenye sahani ya Marekani, na mhariri hana sahani yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana weusi wa Marekani walikuwa wanatafuta majina yasiyotoka kwa waliowamiliki babu zao, na wengi wakaja kuyachota kwenye Kiswahili. Mpiga ngoma James Forman alikuwa amejiita Mtume, na kupitia kwake Herbie na wenzake nao wakapewa majina. Herbie akawa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na wasomaji wa kurasa za michezo naomba watulie. Billy Hart wa dramu akawa Jabali. Bennie Maupin akawa Mwile. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na hili ndilo jina lililolenga kuliko yote kwa sababu Henderson alikuwa daktari kweli, wa hospitali, mwenye shahada. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Sasa hebu panga jukwaa: wapulizaji wa shaba wawili, mmoja Mganga, mwingine Pepo, wamesimama bega kwa bega usiku kucha. Tanga wangeuza tiketi hadi za kusimama.

Sahani ya Mwandishi ilitoka mwaka 1971. Wimbo wake wa kwanza, Ostinato, umetungwa kwa ajili ya Angela Davis, ambaye sahani ikirekodiwa alikuwa mahabusu, akisubiri kesi ambayo ilimwachia huru mwaka 1972. Besi inazunguka kwenye mapigo 15. Ukijaribu kuyahesabu kwa mguu utajikwaa ukiwa umekaa. Juu yake Herbie anapitisha piano ya umeme kwenye mitambo ya mwangwi, kila mpulizaji anaingia anapojisikia, na hakuna anayeonekana kuongoza, ila wote wanafika kona kwa wakati mmoja. Ule usikivu wa kwa Miles, mkono unaojua kutopiga, uligawiwa watu sita.

Kwenye Crossings ya mwaka 1972 akaongezeka Patrick Gleeson na sintesaiza. Herbie alikwenda studio kwake ajifunze mtambo wa Moog. Akamsikia Gleeson akiandaa sauti, akamwambia aendelee tu, kisha akamchukua safarini. Sintesaiza jukwaani, kwenye bendi ya jazz, wakati ambapo mitambo hiyo ilibebwa kama makabati! Hapo ndipo yule mhandisi na yule mwanafunzi wa Miles walipokutana kwa mara ya kwanza. Chameleon isingekuwapo bila makabati hayo, wala roboti, wala lile friji lenye mapenzi.

[Mhariri: Na mauzo?]

Mauzo yalikuwa mabaya, mkuu. Vilabu havikujua viiuze bendi kama nini, mizigo ilikula nauli, na baada ya Sextant mwaka 1973 Herbie akawavunja. Miezi michache baadaye akawa tajiri na Head Hunters, akiwa amebaki na Maupin peke yake. Sahani tatu za Mwandishi zikasubiri wazaliwe watu wa kuzisikiliza. Wamezaliwa, wako wengi, na wengine wanapiga muziki wa elektroniki Berlin na Detroit.

Majina nayo yalikaa. Billy Hart bado anaitwa Jabali na wenzake. Mtume alipiga na Miles, kisha mwaka 1983 akatoa Juicy Fruit, ambayo Notorious B.I.G. aliijengea Juicy. Na kwenye Ostinato yupo mpiga dramu wa pili, kijana Leon Chancler, ambaye naye alipata jina na akalibeba hadi alipofariki mwaka 2018: Ndugu. Mwaka 1982 aliitwa studio na Quincy Jones kwa ajili ya Michael Jackson. Zile dramu zinazoanza peke yake kwenye Billie Jean, zinazomtoa shangazi kwenye kiti harusini kabla besi haijaingia, ni za Ndugu.

[Mhariri: Hiyo ningeiweka namba 1.]

Umechelewa, mkuu. Mwandishi keshaandika.